Mguu Usiosikia, Maumivu Yasiyolala

Katika nyumba zetu, mtu akilalamikia miguu, kitu cha kwanza ni kuteleka maji. Mama huchovya kitambaa kwenye sufuria, hukikamua, kisha humkanda mgonjwa polepole huku akimpa pole. Kwa uchovu wa shambani ni tiba nzuri. Lakini kwa mtu aliyepooza baada ya kuumia uti wa mgongo, kitambaa hichohicho huweza kuondoka na ngozi bila mwenyewe kushtuka. Kesho yake kuna malengelenge, wiki ijayo kuna kidonda, na maumivu yaliyokuwa yakikandwa yamezidi.

Fumbo la maumivu haya limo ndani ya sufuria hiyo. Mguu hausikii maji ya moto, ilhali mwenye mguu anasema unamwaka moto. Jamaa wakishindwa kuelewa, wengine husema anadeka, wengine husema amerogwa. Hadeki wala hakurogwa. Karibu nusu ya watu walioumia uti wa mgongo hupata maumivu ya aina hii, na kwa wengi hudumu miaka. Yanaitwa maumivu ya neva.

Yanatoka wapi?

Uti wa mgongo ni kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili za mgongo. Hupeleka amri za ubongo miguuni na kuleta habari za miguu kwenye ubongo. Risasi ikiupiga, au pingili ikivunjika na kuubana, njia hiyo hukatika, yote au sehemu yake.

Fikiria redio iliyopoteza stesheni. Hainyamazi, bali hukwaruza, na ukiongeza sauti mkwaruzo nao huzidi. Neva zilizojeruhiwa hufanya vivyo hivyo: hutuma ishara zenyewe pasipo kuguswa na kitu. Zile zilizokuwa na kazi ya kutuliza maumivu zimedhoofika, na ubongo, kwa kukosa habari za miguu, huongeza sauti. Ndiyo maana mgonjwa huhisi moto kwenye nyayo ambazo hazina jeraha lolote.

Wagonjwa huyaeleza kwa maneno yanayofanana: yanachoma kama pilipili, yanapiga kama shoti ya umeme, ni kama sindano au siafu. Wengine huhisi mshipi uliokazwa kifuani au tumboni, pale hisi inapoishia, na hata shati likigusa hapo linauma. Huanza wiki au miezi kadhaa baada ya ajali, mara nyingi wakati familia ilipodhani mabaya yamepita.

Kwanza tafuta kinachochochea

Kabla ya kuongeza kidonge, mwangalie mgonjwa mwili mzima. Mwili usiosikia hauwezi kusema "kibofu kimejaa" au "kisigino kinaoza", na shida kama hizo huweza kuchochea moto wa neva. Basi maumivu yakizidi ghafla, uliza: amekojoa lini? Mkojo una harufu kali au damu? Amepata choo siku gani? Kuna ukucha uliozama nyamani? Miguu imekakamaa kuliko kawaida?

Kisha mgeuze, ukague makalio, nyonga na visigino kwenye mwanga wa kutosha. Fanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ajiinue au ajiegemeze upande mara kwa mara, ngozi ipumue. Aliyefundishwa kutoa mkojo kwa mpira asiruke zamu. Kwa kawaida ni mara 4 hadi 6 kwa siku.

Aliyeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu ana hatari nyingine. Kichwa kikimgonga ghafla, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka, huenda shinikizo la damu limepanda vibaya. Mketishe wima, mlegezee nguo, toa mkojo uliojaa, na kama hapati nafuu upesi akimbizwe hospitali.

Dawa zipi, na kwa matumaini gani?

Parasetamoli na ibuprofeni, ambazo ndizo hukimbiliwa kwanza dukani, hazifiki kwenye maumivu ya neva. Ibuprofeni ikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo, na figo za mtu aliyepooza tayari ziko hatarini kwa sababu ya kibofu.

Dawa zinazofaa ni zile zinazotuliza neva zenyewe. Gabapentini na pregabalini ndizo zenye ushahidi mzuri zaidi kwa walioumia uti wa mgongo. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Daktari huanza na kiasi kidogo usiku, kwa kawaida miligramu 10 au 25, kisha hupandisha polepole. Hukausha mdomo, huleta usingizi, hufunga choo na huweza kuzuia mkojo. Kwa hiyo kibofu kichunguzwe zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari mapema. Tramadoli huwasaidia baadhi, lakini huzoeza mwili, na ikichanganywa na amitriptilini huweza kuleta degedege. Usiichanganye kwa ushauri wa jirani.

Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Na mara chache huondoa maumivu yote. Mwambie mgonjwa ayapime kila jioni kuanzia 0 hadi 10, aandike kwenye daftari. Akishuka kutoka 8 hadi 5, akalala usiku na kula na watoto wake mchana, tiba imefanya kazi.

Barabara ikikatika

Shasha iko mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Sake kwenda Minova na Bukavu. Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika hapo na njia ikakatika. Kwa mgonjwa wa neva, barabara kufungwa ni jambo la kitabibu. Gabapentini au pregabalini ikiachwa ghafla huweza kuleta wasiwasi mkali, kukosa usingizi, hata degedege. Kwa hiyo asingoje kidonge cha mwisho: aende kuchukua nyingine zikiwa zimebaki za wiki 2. Jina la dawa na kipimo viandikwe kwenye karatasi, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, ikae pamoja na vitambulisho. Mkikimbia, karatasi hiyo ikimbie nanyi. Na dawa zikielekea kwisha bila njia ya kupata nyingine, mhudumu wa afya awaonyeshe jinsi ya kuzipunguza kidogo kidogo.

Huko Goma, hospitali ya CBCA Ndosho na ile ya HEAL Africa zimezoea majeraha ya vita, na kituo cha Shirika la Umoja kimewahudumia watu wenye ulemavu wa viungo kwa miaka mingi. Maumivu mapya yakianza kupanda juu miaka baada ya jeraha, au mikono ikaanza kulegea, mgonjwa apelekwe: huenda maji yamejikusanya ndani ya uti.

Hofu na upweke navyo huongeza sauti ya ile redio. Mtu anayeshughulika, akishona, akiuza unga mlangoni au akiimba na wenzake wa kwaya, mara nyingi husema saa hizo maumivu yalirudi nyuma. Mazoezi ya mikono na kunyooshwa miguu kila siku husaidia pia. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake; aitwe mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Na ile sufuria? Usiitupe. Mtu aliyepooza husukuma kiti kwa mikono, hujivuta kwa mikono, hupanda kitanda kwa mikono. Mabega yake yamekuwa miguu yake, nayo huuma kwa uchovu ule ule wa shambani. Pima maji kwa kiwiko chako, uliza kama anasikia kitambaa, kisha mkande mabega. Hapo mkono wako utamfikia.