Mvua Yanyesha, Udongo Una Kiu

Sisi wa kisiwa cha Mombasa si wakulima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na katika Mji wa Kale nyumba zimebanana hata mti kupata pa kusimama ni bahati. Yamkini ndiyo sababu tusikiapo habari za ukame huuliza neno moja tu: mvua imenyesha au haikunyesha? Swali hilo, nionavyo, ni pungufu, na aghalabu ndilo tunalowafundisha wanafunzi wetu.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, Pembe ya Afrika, pamoja na mashariki ya Kenya, ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mwaka 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walieleza kwamba mabadiliko ya hali ya hewa yaliongeza uwezekano wa ukame huo takriban mara 100. Ajabu ni kwamba, kwa hesabu yao, masika yamepungua lakini vuli zimeongezeka, na jumla ya mvua ya mwaka haikubadilika sana. Mwizi mkuu alikuwa joto.

Hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Mvuke huo hutoka wapi? Sehemu yake hufyonzwa udongoni na majanini. Katika mashamba ya kichanga ya Kilifi na Kwale, ambayo hata zamani hayakuhifadhi maji kwa muda mrefu, mkulima aweza kupata mvua aliyopata babu yake, na bado mahindi yakanyauka yakitoa mbelewele.

Kisha zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, zikafurika hadi Mombasa mjini. Ardhi iliyokauka hujifunga ngozi ngumu; maji mengi yalipita juu yake yakaenda zake baharini. Nasi tunaonunua mchicha na kunde pale Marikiti tukalipa bei ya ukame, kisha bei ya mafuriko.

Walimu wenzangu wa sayansi, kipimamvua pekee hakitoshi. Bustani ya shule igawanywe vitalu viwili, kimoja kitandazwe makuti makuukuu, cha pili kiachwe wazi. Baada ya mvua, wanafunzi wachimbe kila siku kina cha shibiri moja, wafinyange udongo kiganjani, na waandike ubaoni siku ambayo udongo wa kila kitalu ulikataa kushikana.