Kula Chuoni Japani: Ujue Nini Kabla ya Kwenda?

Huenda kesho wewe ndiwe utakayepata ufadhili wa kusoma Japani. Wakenya wengi wametangulia, wakiwemo baadhi ya wahadhiri wa chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani.

Bwalo la huko si kama letu, ambapo unapanga foleni na kupakuliwa githeri bila kuulizwa. Unachukua trei, unachagua vibakuli, kisha unalipa. Pengine unanunua tikiti kwanza kwenye mashine. Wali unasema ukubwa wake: mdogo, wa kadiri au mkubwa. Ugali, jamani, sahau! Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, kwani hivyo hufanyiwa wafu. Ukimaliza, trei unairudisha mwenyewe.

Jambo kubwa ni nguruwe. Huingia hata usipomtarajia, kama vile katika mchuzi wa tambi. Mwislamu au Msabato asione haya kuuliza. Neno lenyewe ni "buta".

Na chai je? Mara nyingi ni ya bure, ya kijani, haina maziwa wala sukari. Usicheke! Ni mmea uleule wa mashamba yetu ya Kericho na Bomet. Wao huyapiga majani mvuke mapema yabaki kijani. Viwanda vyetu huyasaga na kuyaacha yageuke rangi.

Basi ukifika, uliza, onja, ushibe. Mwenye njaa hasomi, awe Sigor au Tokyo.