Ukatili wa Majumbani Dhidi ya Wanawake Walioolewa Wakati wa UVIKO-19: Ufafanuzi Kutoka Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna janga la UVIKO-19 lilivyohusiana na ukatili wa majumbani dhidi ya wanawake walioolewa katika Bagamoyo na vijiji vya pwani vilivyo kaskazini mwa Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba maelezo yaliyozoeleka duniani, yaani mke kufungiwa ndani pamoja na mume mkatili, hayatoshi kueleza hali ya Tanzania, ambako wananchi hawakufungiwa majumbani. Makala yanaonesha kwamba katika pwani hii janga liliingia ndani ya ndoa kwa njia mbili: kupungua kwa kipato cha mke na mume, na kupungua kwa watu na mahali ambapo mke aliweza kupeleka shida yake.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Siku iliyofuata serikali ilifunga shule za awali, msingi na sekondari, na kusimamisha mikusanyiko ya michezo, muziki na siasa. Vyuo vilifuata. Safari za ndege za kimataifa zilisitishwa kuanzia Aprili hadi tarehe 18 Mei. Hata hivyo, masoko, misikiti na makanisa yaliendelea kuwa wazi, na hakukuwa na amri ya kitaifa ya kuwazuia watu kutoka nje. Vyuo na kidato cha sita vilirejea tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni.

Hali hii ilitofautiana na ya majirani. Nchini Kenya, amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, 2020, na mwanzoni mwa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa. Katika siku hizohizo, Jaji Mkuu David Maraga alieleza kuwa mashauri ya makosa ya kujamiiana yalikuwa yameongezeka. Tarehe 5 Aprili, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alizitaka serikali ziweke usalama wa wanawake katika mipango ya kukabiliana na janga. Kote huko maelezo yalikuwa yaleyale: mlango ukifungwa, mke hana pa kukimbilia.

Swali linalojitokeza ni hili: ikiwa mlango wa nyumba ya Bagamoyo haukufungwa, janga lilimfikiaje mke ndani ya ndoa?

2.0 Hali ya Ukatili Kabla ya Janga

Ni muhimu kuanza kwa kukiri kwamba janga halikuleta jambo jipya. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza jijini Dar es Salaam, na asilimia 56 mkoani Mbeya, walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenza wao. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kudhuriwa kimwili na mtu yeyote tangu wafikishe miaka 15.

Utafiti huohuo uliuliza iwapo mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Sheria, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kutoa jibu miaka mingi nyuma. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kwa hiyo, mke anayepigwa analindwa na sheria ya nchi, lakini anaishi kati ya watu ambao wengi wao, wakiwamo wanawake wenzake, wanaona kipigo kina sababu.

3.0 Mashahidi wa Ndoa katika Jamii ya Pwani

Lawrence Cohen na Marcus Felson, katika nadharia yao ya mwaka 1979 kuhusu shughuli za kila siku na uhalifu, wanaeleza kuwa kosa hutendeka pale mambo matatu yanapokutana: mtu mwenye nia, mlengwa anayefikika, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi hapa si lazima awe askari. Ni mtu yeyote ambaye kuwapo kwake humfanya mwingine asite. Katika ndoa, mambo mawili ya kwanza yanaweza kuwapo chini ya paa moja kila siku. Kinachobadilika ni la tatu.

Katika jamii ya Wazaramo, Wakwere na Wadoe wa pwani hii, walinzi wa namna hiyo si wachache. Yupo somo au kungwi aliyemfunda mwali, ambaye hata baada ya harusi huendelea kuwa mtu wa kuelezwa yasiyosemeka mbele ya wengine. Yupo mjomba, ambaye ana uzito wa pekee kwa kuwa Wazaramo na Wakwere kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Yupo mshenga aliyeshuhudia ndoa, imamu aliyeifungisha, mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na jirani anayechangia ua mmoja na wanandoa.

Sehemu nyingine ya ulinzi huu hupatikana kazini. Mwanamke anayekaanga samaki sokoni Bagamoyo, anayelima mwani Mlingotini, anayesuka ukili au anayeuza chakula kando ya barabara hupata vitu viwili kwa pamoja: fedha iliyo mkononi mwake, na wenzake wanaomwona kila siku. Akija asubuhi uso umevimba, ataulizwa. Kikundi cha vikoba humpa akiba na pia siku maalumu ya kukutana na wenzake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Wanawake hawa ndio kata ya ndoa nyingi.

Hata hivyo, haifai kuwapamba walinzi hawa. Mara nyingi wao ndio humwambia mke avumilie, kwa kuwa ndoa ni sitara na watoto wanahitaji baba. Wanachofanya, kwa kawaida, ni kuuwekea ukatili mpaka. Kuukomesha ni jambo jingine. Lakini kwa mke anayeishi na mume mkali, mpaka huo unaweza kuwa tofauti kati ya jeraha na kifo.

4.0 Namna Janga Lilivyogusa Ndoa

4.1 Kupungua kwa kipato

Idadi ya watalii wa kimataifa nchini ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000 mwaka 2020. Bagamoyo ni mji unaopokea wageni wa Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, washiriki wa semina katika hoteli za ufukweni, na wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wageni wasipokuja na vyuo vikifungwa, wanaoathirika si mwenye hoteli tu, bali pia mpishi, mfuaji, mchonga vinyago, mvuvi aliyeuza samaki hotelini na mama lishe aliyewauzia wanafunzi.

Mume aliyezoea kuacha fedha ya matumizi asubuhi anapokosa cha kuacha, hadhi yake ya kuwa mlezi wa nyumba hutikisika, na swali la kawaida la mke kuhusu chakula huweza kusikika kama dharau. Wakati huohuo watoto walikuwa nyumbani mchana kutwa, na kazi ya kuwalisha na kuwatunza ilimwangukia mama. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2020 uliangukia ndani ya miezi hiyo ya kufungwa kwa shule. Futari na nguo za sikukuu, ambazo katika pwani ni kipimo cha mume kuijali familia yake, zilidaiwa wakati ambapo mapato yalikuwa haba. Mke naye, akiisha kupoteza biashara yake, alipoteza nauli, akiba na sauti aliyokuwa nayo katika maamuzi ya nyumba.

4.2 Kudhoofika kwa kwenda kwao

Silaha kongwe ya mke wa pwani ni kwenda kwao. Akizidiwa, hufunga kanga zake akarudi kwa wazazi, na mume hulazimika kufika na wazee kumwomba arejee. Katika kikao hicho kosa hutajwa hadharani, mume huonywa, na pengine hutozwa. Utaratibu huu unategemea jambo moja: kwamba nyumba ya wazazi iko wazi kumpokea binti.

Wakati wa janga, sharti hilo liliingia mashakani. Wazee ndio waliotajwa kuwa katika hatari kubwa zaidi, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Binti aliyeolewa Tegeta au Bunju, akitaka kukimbilia kwa mama yake Kaole au Zinga, alipaswa kujiuliza kama anakwenda kuokoa uso wake au kumpelekea mama maradhi. Vivyo hivyo kwa somo, ambaye kwa kawaida ni mtu mzima, na kwa kikao cha wazee, ambacho nacho ni mkusanyiko. Hakuna amri iliyomkataza mke kuondoka. Upendo kwa wazazi na hofu vilitosha kumzuia.

4.3 Njia ya kisheria

Mke aliyekosa wazee alibaki na dola. Njia hiyo huanzia dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, ambako hupewa fomu ya PF3 ili matibabu yake yaandikwe na yaje kuwa ushahidi. Safari hiyo inahitaji nauli, na humpeleka hospitali, mahali ambapo wengi walipaogopa wakati huo. Anayetaka talaka hutakiwa kwanza, kwa kawaida, kupitia baraza la usuluhishi chini ya kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa. Aidha, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haimtambui mume kuwa mbakaji wa mkewe isipokuwa wametengana.

Wengi pia hubaki katika ndoa kwa kudhani kuwa wakiondoka hawatapata chochote. Ikumbukwe kwamba Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Haki hiyo ipo, lakini humfaa anayeifahamu na anayeweza kufika mahakamani.

5.0 Tahadhari Katika Kusoma Takwimu

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa wanawake waliowahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu umri wa miaka 15 walikuwa asilimia 27, kutoka 40 ya awali. Hii ni habari njema, lakini haipimi miezi ya janga, kwa kuwa swali linahusu maisha yote ya mhojiwa. Takwimu za polisi nazo hupima idadi ya waliofika kituoni. Ikiwa njia za kufika zimepungua, idadi ndogo ya mashauri inaweza kumaanisha ukimya badala ya amani.

6.0 Hitimisho

Ugonjwa wa Marburg uliotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025 unakumbusha kuwa milipuko haijaisha. Maandalizi yake yanapaswa kuhusisha ndoa. Kwanza, tangazo la afya linaloeleza unawaji mikono lieleze pia kuwa dawati la jinsia liko wazi. Pili, Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, zilizowekwa na mpango wa kitaifa wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, ziwajumuishe makungwi na viongozi wa vikoba, ambao hupata habari mapema kuliko ofisi. Tatu, vikundi vya wanawake viruhusiwe kukutana kwa idadi ndogo na mahali pa wazi, badala ya kuvunjwa. Nne, kila kijiji kiwe na nyumba inayojulikana ambako mke anaweza kulala usiku mmoja bila kuwahatarisha wazazi wake. Hatua hizi hazihitaji sheria mpya. Zinahitaji kutambua kwamba katika pwani hii mke hulindwa kwanza na watu wanaomwona, na kwamba mlipuko wa maradhi huwaondoa watu hao kabla ya kumfikia yeye.