Mafuriko mijini: Kila ploti ibebe mzigo wake

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali inayostahili kukumbukwa kila msimu wa masika unapobisha hodi katika miji yetu. Kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 280 kote nchini. Jijini Nairobi, vitongoji vya Mathare na Mukuru viligharikishwa. Kisha serikali ikawaamuru waliojenga umbali wa chini ya mita 30 kutoka kwenye mito kuhama, na nyumba nyingi zikabomolewa.

Aghalabu lawama huelekezewa serikali za kaunti, na si bila sababu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti jukumu la kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Mitaro mingi imezibwa na taka na mingine ilichimbwa wakati jiji lilipokuwa na wakazi wachache mno. Hata hivyo, kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa: maji hayo yote hutoka wapi kabla ya kufika mtaroni?

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja mraba, hutoa lita moja ya maji. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita 465 mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja, ploti hiyo hupokea zaidi ya lita 18,000. Iwapo ina nyasi na miti, ardhi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ikiwa imefunikwa kwa mabati na saruji kutoka ua hadi ua, karibu yote hutiririka nje kwa dakika chache. Mtaa wenye ploti 100 za aina hiyo utamwaga zaidi ya lita milioni 1.8 katika mtaro mmoja. Hakuna kaunti inayoweza kupanua mitaro kila mara wananchi wanapoongeza saruji.

Isitoshe, anayemwaga maji siye anayefurikiwa. Mto Mathare hupita karibu na makao ya kifahari ya Muthaiga kabla ya kufika katika bonde la Mathare. Hapo ndipo penye kikwazo. Mwenye ploti aliye juu akitumia fedha zake kuzuia maji, anayenufaika zaidi ni jirani asiyemjua, aliye bondeni. Ndiyo maana kuwahimiza watu kwa maneno matupu hakutoshi. Sharti pawe na kivutio.

Miji ya ng'ambo iliyokumbwa na tatizo hili imejaribu mbinu kadhaa. Katika miji mingi ya Ujerumani, mwenye nyumba hutozwa ada ya maji ya mvua kwa kila mita mraba ya paa au sakafu inayopeleka maji kwenye mabomba ya mji. Anayeng'oa saruji na kupanda nyasi hulipa kidogo. Nao mji wa Portland, Marekani, kati ya 1993 na 2011, uliwalipa wakazi dola 53 kwa kila bomba la paa walilolitenganisha na mfumo wa majitaka na kuelekeza maji yake kwenye bustani. Zaidi ya mabomba 56,000 yalitenganishwa.

Jijini Nairobi, kodi ya ardhi hukadiriwa kwa thamani ya kiwanja, bila kujali kiasi cha maji kinachomwagwa barabarani. Kaunti yaweza kuanza kwa kumpunguzia kodi hiyo mwenye ploti anayethibitisha kwamba amehifadhi maji yake, na kulifanya hilo kuwa sharti la kuidhinisha ramani za majengo mapya. Kwa kuwa wakazi wengi wa jiji ni wapangaji, ni wenye nyumba wanaopaswa kulengwa kwanza.

Je, familia yaweza kufanya nini? Hatua ya kwanza ni kuweka mifereji ya paa na tangi. Paa la mita 50 mraba hukusanya takriban lita 2,000 katika mvua ya milimita 40. Lakini ifahamike kwamba tangi lililojaa halizuii mafuriko. Yafaa maji yatumiwe, au yaachwe yatoke polepole, ili pawepo nafasi kabla ya mvua nyingine kunyesha.

Hatua ya pili ni kuiacha ardhi ipumue. Si lazima uga wote usakafiwe. Penye udongo mwekundu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za magharibi na kaskazini mwa jiji, shimo lililojazwa kokoto hunyonya maji vyema, mradi liwe mbali na msingi wa nyumba, kisima na choo cha shimo. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi, maji hupenya kwa shida, hivyo tangi ni bora kuliko shimo.

Hatua ya tatu haina gharama kubwa: usielekeze maji ya paa kwenye bomba la majitaka. Mvua inapozidi, mabomba hayo hufurika na uchafu kumwagika mbele ya milango ya watu.

Yamkini mvua kubwa kupita kiasi itayashinda matangi yote, na kaunti bado itawajibika kuzibua mitaro na kulinda kingo za mito. Lakini mvua za kawaida, zinazofurika kwa sababu ya saruji yetu wenyewe, zaweza kupunguzwa makali. Nayo familia iliyohifadhi maji hayo itakuwa na ya kufulia na kudekia siku ambazo mifereji imekauka kwa sababu ya mgao. Haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo, ploti moja baada ya nyingine yaweza kuuokoa mtaa ulio bondeni.