JINA LA RASHIDI NA MAANA ZAKE



 Imetufikia barua ya bwana mmoja aleaye mtoto yatima wa marehemu kaka yake. Mtoto huyo aitwa Rashidi. Jirani amemwambia kuwa jina hilo ni la Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba hana budi kulibadili, ilhali limekwisha andikwa katika cheti cha kuzaliwa na karatasi za shule.

Jirani hakukosea yote. Ar-Rashid limo katika orodha mashuhuri ya majina tisini na tisa iliyo katika kitabu cha Imamu Tirmidhi. Lakini yako majina ambayo kiumbe haitwi kwayo, kama Ar-Rahman na Al-Khaliq (ndiyo sababu hatupendi kusikia Abdulrahman akikatwa jina na kuitwa Rahmani), na yako ambayo kiumbe huitwa kwayo kwa kadiri ya uumbe wake. Rashidi ni katika haya ya pili. Katika Sura ya Hud, Nabii Lut aliwauliza watu wake kama hakuna miongoni mwao hata mtu mmoja aliye rashidi, yaani mwongofu mwenye akili timamu. Katika sura hiyo hiyo watu wa Madyan walimwita Nabii Shuaib kwa neno hilo, ingawa kwa kejeli. Abubakar, Umar, Uthman na Ali twawaita Makhalifa Rashidina, kwa hadithi aliyoipokea Al-Irbadh bin Sariya. Harun, khalifa wa Baghdad tangu 786 hata 809, alipewa jina hilo liwe lakabu yake. Na huku kwetu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Basi jina la kijana lisibadilishwe.

Lakini barua ile imetukumbusha tumizi jingine la neno hili, nalo lamhusu mlezi kuliko mtoto. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, mawalii wameamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa. Wakiuona kwao rushdi, asili moja na Rashidi, wawakabidhi mali zao. Wanazuoni wengi wamesema rushdi hii ni kujua kuitunza mali; Imamu Shafii ameongeza wema wa dini. Kubaleghe peke yake hakutoshi, wala mvi hazitakiwi. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa sokoni, kwa kupatana bei. Wa mkulima hujaribiwa shambani, kwa kuwasimamia vibarua na matumizi yao.

Twamwuliza bwana huyu kwa heshima: mali ya marehemu i wapi? Aya hiyo yamkataza walii kuila kwa pupa kabla yatima hajakua. Aliye tajiri ajizuie nayo. Aliye fakiri ale kwa kadiri ijulikanayo. Na siku ya kukabidhi, mashahidi wawekwe.