Mti Nao Upewe Geti

Tembea Hombolo Bwawani, huku Dodoma, mwezi wa tisa uone mbuzi walivyo na njaa. Mvua ilishasepa kitambo, nyasi hamna, kitu kibichi pekee barabarani ni mche wa mtu anayeumwagilia kwa madumu. Mbuzi akiucheki tu, imeisha hiyo. Mkwaju wangu niliulea miezi mitano kwa maji ya kuoshea vyombo, asubuhi moja nikakuta kijiti. Iliniuma kinoma.

Washua wana dawa yao: unazungushia miiba ya mgunga, mbuzi ananusa, anaambaa. Fresh kabisa, ila mchwa wanaila, na isipoliwa inaishia jikoni.

Sasa cheki mageti ya kitaa. Fundi anabana ncha ya nondo nyembamba kwenye bomba, anaivuta taratibu mpaka inajiviringa kama konokono. Anachomelea nne pamoja, limetoka ua. Hiyo ni sanaa ya kibabe, ila anayepata ni mwenye mkwanja wa geti. Mimi nasema mkono uleule uhamie kwenye mti wa barabarani, wa kila mtu. Vipande vilivyobaki vinatosha kutoa kizimba cha kufika kifuani, miguu imezama ardhini, pembeni mlango mdogo wa kupitishia dumu. Kifungwe kwa bolti, si kuchomelewa chote, ili mti ukinenepa kihamie kwa mwingine. Na rangi isitupe presha: mchoraji Tingatinga mwenyewe alichorea rangi ya baiskeli pale Dar, na dunia nzima ikamwelewa.

Huku Dodoma kuupiga mti chata wala si ishu ngeni. Masela wa Kisiki Hai, mchongo wa LEAD Foundation na Justdiggit tangu 2018, wakishapogolea machipukizi ya kisiki wanafunga kitambaa cha rangi: huu una mwenyewe, usiguse. Kitambaa tu, na mtu anakatisha pembeni na panga lake. Fikiria ua la chuma linalong'aa, na kila kona ya mtaa ina la kwake!

Mvua za Desemba zikigonga naotesha mkwaju mwingine palepale. Mshikaji wangu wa kuchomelea nimeshamchorea mchangani anachotakiwa kutoa: perege wawili wa bwawani, mikia chini, midomo juu, kama wanasubiri maji.