Uenezaji wa Ukristo mkoani Katavi

Uenezaji wa Ukristo mkoani Katavi, magharibi mwa Tanzania, ulianza mwaka 1885 huko Karema, kijiji kilichopo ufukoni mwa ziwa Tanganyika. Baadaye imani hiyo ilifika Mpanda na bonde la Rukwa, ambako ipo Kasansa pamoja na kata nyingine za Mpimbwe. Historia yake husimuliwa mara nyingi kwa kutaja wamisionari kutoka Ulaya, lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na walei Waafrika, baadhi yao wakiwa watu waliowahi kuuzwa kama watumwa.

Historia

Karema haikuanza kama misheni. Kituo hicho kilijengwa mwaka 1879 na Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoundwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka huohuo tembo 4 waliletwa kutoka India ili kujaribu kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Jaribio hilo lilishindwa. Tembo walikufa, na kiongozi wa msafara, Frederick Carter, aliuawa huko Mpimbwe mwaka 1880 katika mashambulizi ya wapiganaji wa mtemi Mirambo.

Baada ya Mkutano wa Berlin (1884-1885) Leopold alielekeza nguvu zake Kongo. Kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Wamisionari hao walikuwa wameshafika Ujiji tangu mwaka 1879.

Wakati huo misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita katika nchi za ziwa Tanganyika. Wamisionari walinunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara, wakawalea, wakawabatiza, na walipokua wakawaozesha na kuwapa mashamba karibu na misheni. Hiyo ndiyo asili ya vijiji vya kwanza vya Kikristo. Njia hiyo iliokoa maisha ya wengi, ila ilikuwa na kasoro mbili zisizofichika: fedha ziliingia mikononi mwa wauzaji walewale, na mtoto asiye na ndugu wala pa kwenda hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa dini ya waliomlea. Kwa wenyeji walio huru utaratibu ulikuwa mgumu zaidi. Lavigerie aliagiza mtu aandaliwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa, akihofia kwamba wanaobatizwa haraka wangeiacha imani haraka vilevile.

Adrien Atiman

Mtu aliyekaa Karema muda mrefu kuliko karibu wamisionari wote alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, mnamo mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Lavigerie alitaka kuwa na makatekista walio pia matabibu, kwa kuwa aliamini Waafrika ndio watakaoigeuza Afrika.

Atiman alifika Karema mwaka 1889, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 aliwatibu Wakristo na wasio Wakristo, akifundisha dini vilevile, na alijifunza dawa za mitishamba za wenyeji badala ya kuzidharau. Alimuoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph alipata upadrisho. Wagonjwa waliomfuata hawakulazimika kubatizwa, lakini wengi walianza kuisikia dini hiyo kwake, wakiwa wamekuja kutafuta dawa.

Sala

Kanisa Katoliki huhesabu sala kuwa sehemu ya umisionari wenyewe. Mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza Teresa wa Mtoto Yesu kuwa msimamizi wa misheni, ingawa mtawa huyo hakuwahi kufanya kazi ya kimisionari nje ya monasteri yake ya Lisieux, Ufaransa. Alikuwa akiwaombea na kuwaandikia wamisionari wawili; mmojawao, Maurice Bellière, alikuwa Padri Mweupe aliyetumwa Nyasa, ambayo ni Malawi ya leo.

Vijijini jambo hilo lilichukua sura nyingine. Padri alipokuwa mbali, katekista ndiye aliyekusanya watu siku ya Jumapili, akaongoza sala, akafundisha watoto na kuzika wafu. Kijiji kingeweza kukaa muda mrefu bila misa, lakini hakikukaa bila sala.

Siku hizi

Jimbo la Karema, lililotangazwa mwaka 1953, lilihamishia makao yake Sumbawanga mwaka 1969. Jimbo Katoliki la Mpanda liliundwa mwaka 2000, na askofu wake wa kwanza alikuwa Pascal William Kikoti.

Madhehebu mengine yalifika pia, mara nyingi bila mmisionari yeyote kutumwa. Wakimbizi kutoka Burundi waliopewa makazi Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970 walikuja na makanisa yao, yakiwemo ya Kipentekoste. Katika bonde la Rukwa, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao wanaishi jirani na Wapimbwe, wenyeji wa eneo hilo. Kati yao wapo Wakristo na wapo wanaofuata dini za jadi.